Nipo

Kocha Hilkka ana ubao mweupe na sumaku sita,
kila sumaku beki, kila beki na ubishi wake.
Anazihamisha alfajiri, kahawa mkononi,
nje baridi ya nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
basi la kwenda Rovaniemi linanguruma, halizimwi lisije likagoma.
Miaka sita sumaku yangu ilikuwa na jirani mmoja:
Vuokko, muuza matairi,
miguu yake haikujua maana ya subiri.

Mimi ni Tyyne. Mchana nalinda meno ya watu,
namshikia daktari taa. Usiku nalinda goli.
Mbio sina. Nina gongo refu, na makalio,
asema Hilkka, yanayojua ukuta ulipo.
Humsukumi mtu; unambania njia
mpaka aone mwenyewe kuwa imekwisha.
Gazetini hayamo hayo.
Nani apige picha ya jambo lisilotokea?

Vuokko akikipata kisahani nyuma ya goli letu
hakirushi. Anaondoka nacho
kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka,
anavuka mstari wa buluu, anavuka wa katikati,
nami napiga ukelele mmoja tu: "Nipo!"
Hageuki. Hajawahi kugeuka.
Hilo ndilo lililokuwa pendo letu, kama lafaa kuitwa pendo:
mgongo wake kwangu, sauti yangu kwake.

Watu walituita kurwa na doto. Wapi!
Pacha hufanana. Yeye mlango, mimi bawaba,
na bawaba hakuna aisifuye
hadi siku mlango unapomwangukia mgeni.

Msimu mmoja Hilkka alimpanga na Eerika,
wote wa kupanda, wote moto. Mafahali wawili zizi moja:
walikwenda pamoja, wakapoteza pamoja,
wakachelewa kurudi pamoja,
na golikipa wetu Sisko, peke yake mbele ya watu watatu,
akafungwa saba, akavunjia gongo lake kwenye mwamba wa goli.
Alichosema hakiandikiki.
Maana yake: jifya moja haliinjiki chungu.

Mwaka huu Vuokko kavuka ghuba, yuko Uswidi,
wanamlipia mbio zake kwa nyumba na gari.
Sumaku yake ingali ubaoni, pembeni, imegeuzwa uso.
Kando ya yangu Hilkka kabandika ya Aava,
miaka kumi na saba, mpole, mpenda kukaa nyuma.
Kama mimi. Kama mimi kabisa.
Mechi tatu tulisimama pale kama makabati mawili,
kisahani kikija tunapishana kwa adabu,
chukua wewe, hapana, wewe,
tunakibamiza ukutani, kinarudi na wenyewe.

Nami nilidhani ulinzi ni tabia yangu,
kama kimo, kama rangi ya macho.
Kumbe nilikuwa kile kinachobaki
mwenzangu akishaondoka.

Jana, kipindi cha tatu, mbili kwa mbili,
kisahani kimetulia kwenye gongo langu
na mbele yangu barafu,
nyeupe, tupu, ndefu kuliko nilivyokumbuka.
Nina miaka thelathini na minne. Goti la kulia linalia kama bawaba.
Nikaondoka.
Sikwenda kwa uzuri. Jukwaani mtu alicheka, nilimsikia,
nadhani ni mgonjwa wetu, gego la chini, Jumanne.
Mstari wa buluu. Mstari wa katikati.
Mgongo wangu, ambao miaka yote ulikuwa na goli la kuegemea,
ukahisi ubaridi usio wa barafu.
Nikangoja neno. Kimya.
Nikazidi kwenda, nikingoja.
Kisha huko nyuma, nyembamba, imechelewa,
sauti ya mwanafunzi anayeitwa jina darasani:
"Nipo."

Sikugeuka.